Kampuni Kubwa au Ndogo? Kuchagua Mfuko wa Hisa wa Akiba ya Uzeeni

Mtu akianza kazi Marekani hupewa rundo la fomu, na katikati ya rundo hilo ipo moja ambayo uzito wake huonekana miaka thelathini baadaye. Ni fomu ya 401(k), akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara kabla hujaushika. Ndugu zetu wengi walioko Minneapolis, Houston, Columbus au Maryland, wauguzi, wahudumu wa wazee, madereva wa malori, watu wa maghala, huijaza wakiwa wamechoka, baina ya shifti moja na nyingine. Fomu inawauliza wachague mifuko ya kuwekezea. Orodha ina mifuko kumi na tano, ishirini, na miongoni mwake kuna miwili inayovuta macho: mfuko wa hisa za kampuni kubwa na mfuko wa hisa za kampuni ndogo.

Wengi huamua kwa kutazama safu ya faida ya miaka iliyopita na kuweka alama penye tarakimu kubwa. Wengine hugawa nusu kwa nusu wakidhani hiyo ndiyo hadhari. Njia zote mbili zinaweza kumgharimu mtu fedha nyingi, na gharama yenyewe haionekani siku ya kuchagua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa saa na mwenye watu wanaomtegemea nyumbani, mfuko wa kampuni kubwa wenye ada ya chini, au ule wa soko zima, ndio uwe nguzo. Mfuko wa kampuni ndogo unaweza kuingia, lakini kwa sehemu ndogo, kwa masharti, na kwa mtu ambaye miaka yake ya kazi bado ni mingi.

Tuanze na kilichomo ndani. Mifuko mingi ya kampuni kubwa hufuata orodha ya S&P 500, ambayo kwa sura yake ya sasa imekuwapo tangu 1957. Ni kampuni 500 hivi, zilizopangwa kwa thamani yake sokoni, kwa hiyo iliyo kubwa zaidi huchukua fungu kubwa zaidi la kila dola unayoweka. Ukiwa na mfuko huo una kipande cha Apple, cha Microsoft, cha Nvidia, cha mabenki makubwa, maduka, viwanda vya dawa na mafuta. Kampuni hizo 500 peke yake ni takriban asilimia 80 ya thamani ya soko lote la hisa la Marekani.

Mifuko ya kampuni ndogo mara nyingi hufuata Russell 2000, orodha iliyoanzishwa 1984. Utaratibu wake ni rahisi: chukua kampuni 3,000 kubwa zaidi za Marekani, ondoa 1,000 za juu, zilizobaki ndizo hizo. Ingawa ni kampuni 2,000, zote kwa pamoja ni kama asilimia 5 tu ya thamani ya soko. Kwa hiyo anayegawa akiba yake nusu kwa nusu hajapata uwiano wowote. Amechukua kipembe kidogo cha soko na kukibebesha nusu ya uzee wake.

Neno "ndogo" nalo linahitaji tahadhari, hasa kwa msomaji aliyezoea masoko yetu. Mkenya akisikia kampuni ndogo sokoni anaweza kukumbuka Home Afrika, iliyokuwa ya kwanza kuingia kwenye kitengo cha kampuni zinazokua cha Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2013. Ilianza kwa shilingi 12 kwa hisa, na baadaye bei ikashuka hadi chini ya shilingi moja. Kampuni ndogo ya Marekani ni kitu kingine. Nyingi zina thamani ya dola bilioni moja, mbili au tatu. Mwaka 2024, ukiiondoa Safaricom, hapakuwa na kampuni Nairobi iliyofikia dola bilioni mbili. Kwa hiyo anayenunua mfuko wa kampuni ndogo hanunui vibanda vya mtaani. Ananunua mabenki ya majimbo, watengenezaji wa vipuri, maabara za dawa ambazo bado hazijauza dawa hata moja, kampuni za vifaa vya ujenzi. Hatari ipo, lakini imesambazwa kwenye majina 2,000, na moja likifa mfuko haufi.

Sasa gharama, na hapa naomba tukae, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kusikia maumivu. Kila mfuko una ada ya uendeshaji inayotajwa kwa asilimia ya fedha zako kwa mwaka. Haikatwi kwenye mshahara na huletewi ankara. Inanyonywa ndani kwa ndani, na wewe unaona tu salio ambalo tayari limeshapunguzwa. Mfuko wa Vanguard unaofuata S&P 500 umekuwa ukitoza asilimia 0.04, yaani dola 4 kwa mwaka kwa kila dola 10,000. Ule wa Fidelity ni asilimia 0.015, dola moja na nusu. Ada hizi za chini zina historia. Mwaka 1976 John Bogle wa Vanguard alifungua kwa umma mfuko wa kwanza wa aina hii, usio na meneja wa kuchaguachagua hisa, unaonunua tu kila kilichomo kwenye orodha. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata kama milioni 11. Washindani waliubeza. Leo mifuko inayofuata orodha imeshika matrilioni ya dola, na ada imeshuka kwa wote.

Mfuko wa kampuni ndogo unaofuata orodha nao unaweza kuwa rahisi: wa Vanguard umekuwa ukitoza asilimia 0.05, wa Fidelity 0.025. Ila kwenye menyu nyingi za 401(k), hasa za waajiri wadogo, kampuni kubwa huwekewa mfuko wa kufuata orodha, wakati kampuni ndogo huwekewa mfuko wenye meneja anayechagua hisa mwenyewe, kwa ada inayokaribia asilimia 1. Mtu huona asilimia moja akafikiri ni kitu kidogo. Tufanye hesabu. Ukiweka dola 300 kila mwezi kwa miaka 30, na soko likakupa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada, mfuko wa asilimia 0.04 utakufikisha kwenye dola 363,000 hivi. Mfuko wa asilimia 1, kwa faida ileile ya soko, utakufikisha kwenye 301,000. Tofauti ni dola 62,000, na wewe mwenyewe muda wote huo umetoa mfukoni mwako dola 108,000. Ada hiyo imemeza kiasi kinachozidi nusu ya jasho lako.

Je, meneja huyo halipi gharama yake kwa ujuzi? S&P hutoa ripoti za mara kwa mara zinazolinganisha mameneja na orodha wanazojaribu kuzipita. Kwa kipindi cha miaka 15, karibu tisa kati ya kumi wa mifuko ya kampuni kubwa huachwa nyuma. Kwenye kampuni ndogo, ambako mameneja hudai kwamba ndiko wanakoweza kugundua lulu zilizofichika, walio wengi nao huishia nyuma kwa muda mrefu kama huo. Kwa hiyo sharti la kwanza la mfuko wa kampuni ndogo ni hili: kama menyu yako ina ule wa meneja tu, wa asilimia 0.8 au 0.9 au 1, uache. Huna haja ya kujua mengine.

Ipo na gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi yoyote. Hisa za kampuni ndogo huuzwa kwa wingi mdogo, hivyo pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza ni pana zaidi, na mfuko hulipa pengo hilo kila unapofanya biashara. Russell 2000 imezoeleka kupangwa upya kila Juni, na wafanyabiashara wa Wall Street hujua mapema kampuni zipi zitaingia na zipi zitatoka. Hununua kabla, bei ikapanda, halafu mifuko inayofuata orodha hulazimika kununua kwa bei iliyokwisha kupandishwa. Kampuni ikistawi ikawa kubwa, hutoka. Super Micro Computer, ya vifaa vya kompyuta, ilipanda kwa kasi hadi ikawa yenye thamani kubwa kuliko zote ndani ya Russell 2000, na Juni 2024 ikahamishiwa orodha ya wakubwa. Mfuko wa wadogo hulea, na kinachokomaa huhamia kwingine. Nafuu moja ipo: ndani ya 401(k) hulipi kodi ya kila mwaka kwa biashara hizo zinazofanywa ndani ya mfuko.

Hapo linaibuka swali la haki: kwa nini basi mtu yeyote anunue kampuni ndogo? Jibu lilitoka kwa wasomi. Mwaka 1981 Rolf Banz alichapisha utafiti uliotazama hisa za soko la New York kuanzia 1936 hadi 1975, akaonyesha kwamba kampuni ndogo zililipa zaidi kuliko kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari yake. Mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Dimensional ili kuuza mfuko uliojengwa juu ya wazo hilo. Miaka kumi na zaidi baadaye Eugene Fama na Kenneth French wakaliingiza wazo hilo katika kielelezo chao mashuhuri cha kueleza faida za hisa, na Fama akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2013. Kwa hiyo wakala anayekuambia kwamba kampuni ndogo hulipa zaidi kwa muda mrefu hajalizua jambo. Limo vitabuni.

Lakini karibu tangu utafiti ule uchapishwe, ziada hiyo imekuwa ikififia Marekani. Sababu kadhaa zinajieleza. Jambo likishajulikana na kila mtu, kila mtu hulinunua, na bei hupanda hadi faida ya ziada ikaisha. Pia kampuni changa bora hazina haraka tena ya kuingia sokoni. Idadi ya kampuni zilizoorodheshwa Marekani ilizidi 7,000 mwaka 1996, na miaka ishirini baadaye ilikuwa imebaki takriban nusu. Nyingi zenye ahadi hukua mikononi mwa matajiri wa faragha, na zikija sokoni zinakuja tayari zimekuwa kubwa. Zinazobaki kwenye orodha ya wadogo zimechanganyika: katika miaka ya karibuni zaidi ya theluthi moja ya kampuni za Russell 2000 zimekuwa hazipati faida. Tena nyingi zimekopa benki kwa riba inayopanda na kushuka. Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, kampuni kubwa zilizokuwa zimekopa kwa riba ya kudumu hazikuyumba sana. Ndogo zikabanwa kooni.

Matokeo yake ni haya. Dola 10,000 zilizowekwa mwanzoni mwa 2021 kwenye orodha ya S&P 500, gawio likirudishwa ndani, zilikuwa zimefika kama 16,600 mwishoni mwa 2024. Dola hizohizo kwenye Russell 2000 zilifika kama 11,900. Miaka minne, na pengo la dola 4,700.

Ningeishia hapo ningekuwa sijakutendea haki, kwa kuwa ipo miaka iliyokwenda kinyume kabisa. Kuanzia 2000 hadi 2002, soko la teknolojia lilipoporomoka, S&P 500 ilipoteza karibu asilimia 38 ya thamani yake. Russell 2000 ilipoteza kama 21. Mwaka 2003 kampuni ndogo zikapanda asilimia 47, kubwa 29. Ukichukua muongo mzima wa 2000 hadi 2009, aliyeweka fedha zote kwenye S&P 500 alimaliza akiwa na pungufu ya alichoanza nacho, miaka kumi ya kazi bila senti ya faida, na aliyekuwa na kampuni ndogo alipata wastani wa asilimia 3.5 kwa mwaka. Hata 2008, mwaka wa msukosuko wa mabenki, kubwa zilianguka asilimia 37 na ndogo 34.

Historia hii inasema kwamba zamu hubadilika, na hubadilika baada ya muda mrefu kuliko uvumilivu wa watu wengi. Na kuna sababu ya kuikumbuka sasa hivi. Mwishoni mwa 2024 kampuni kumi za juu zilikuwa zimechukua zaidi ya theluthi ya S&P 500, nyingi zikiwa za teknolojia. Anayenunua mfuko huo akidhani amesambaza hatari kwa kampuni 500 sawasawa ajue kwamba amesimama zaidi juu ya kumi. Mwaka 2000 nao ulikuwa na uzito wa aina hiyo kwenye kampuni chache za teknolojia. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo hoja pekee ya kuwa na kampuni ndogo ambayo naiheshimu: zikusaidie siku ambayo wakubwa wameelemewa.

Kwa nini basi nasema sehemu ndogo, badala ya nusu kwa nusu? Kwa sababu ya maisha ya mwenye akiba. Vitabu vya uwekezaji vya Marekani humwandikia mtu mwenye kazi ya ofisini, mwenye akiba ya dharura benki, ambaye soko likianguka anaweza kufumba macho miaka kumi. Sisi tuna mambo mengine. Mbeba boksi, kama wenyewe wanavyojiita, hulipwa kwa saa. Ana ada za shule za wadogo zake, ana mama anayehitaji dawa za presha kila mwezi, ana kiwanja Kigamboni au Kitengela kisichoisha kulipiwa, ana rambirambi na harusi zinazoingia kwenye simu usiku wa manane. Uchumi wa Marekani ukitetereka, saa za kazi hupunguzwa kwanza kwa watu kama yeye, na wakati huohuo maombi kutoka nyumbani huongezeka.

Mwaka 2020 ulionyesha hivyo waziwazi. Kuanzia katikati ya Februari hadi tarehe 23 Machi S&P 500 ilianguka asilimia 34. Russell 2000, kutoka kilele chake, ilianguka zaidi ya asilimia 40. Aprili ukosefu wa ajira Marekani ukapita asilimia 14. Baadaye kampuni ndogo zilirudi kwa kishindo, Novemba peke yake zikapanda asilimia 18, mwezi wao bora kuliko yote tangu orodha ianzishwe, na mwaka ukaisha zikiwa mbele kidogo ya kubwa. Kwenye karatasi, aliyevumilia hakupoteza. Lakini aliyepunguziwa saa mwezi Aprili, akaingia kwenye 401(k) yake kutafuta kodi ya nyumba na fedha za hospitali ya Muhimbili, aliuza chini kabisa. Novemba haikumkuta. Na kilichoanguka asilimia 42 kinahitaji kupanda asilimia 72 kurudi kilipokuwa, wakati kilichoanguka 34 kinahitaji 52.

Kutoa fedha kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10, juu ya kodi ya kawaida ya mapato, isipokuwa kwa sababu chache zinazotambuliwa na sheria. Mipango mingi huruhusu kujikopesha, hadi nusu ya salio lako na isizidi dola 50,000, na kulipa kwa kawaida ndani ya miaka mitano. Mkopo huo una madhara madogo kuliko kutoa kabisa. Hata hivyo ukiacha kazi deni huwa zito, na usipolilipa kwa muda uliowekwa huhesabiwa kuwa umetoa. Kampuni ndogo huanguka zaidi wakati ambao mtu wa namna yetu ana uwezekano mkubwa wa kulazimika kuuza. Ajira yake na mfuko wake vinayumba kwa wakati mmoja. Ndiyo maana, kwangu, kabla ya kujadili asilimia ngapi iende kwa wadogo, mtu awe na gharama za miezi mitatu hadi sita kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, na fungu la nyumbani limetengwa huko, lisitegemee 401(k) hata kidogo.

Kwa mwenye akiba hiyo ya dharura, na mwenye umri wa miaka 25 hadi 40, napendekeza hivi. Kama menyu ina mfuko wa soko zima la Marekani kwa ada ya asilimia 0.1 au chini, chukua huo na usihangaike zaidi. Ndani yake kubwa na ndogo zimo kwa uzito wake halisi, na kampuni inapokua haitoki mfukoni mwako, inahamia tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama mfuko wa soko zima haupo, chukua S&P 500, na ukitaka kujikinga na uzito wa zile kumi za juu, weka asilimia 10, isizidi 15, kwenye kampuni ndogo. Kwa dola 300 za kila mwezi, hiyo ni dola 30 hadi 45.

Ukipata nafasi ya kuchagua aina ya mfuko wa kampuni ndogo, tazama unafuata orodha gani. S&P wana orodha yao ya kampuni 600 ndogo, iliyoanzishwa 1994, na sharti la kuingia ni kampuni iwe imepata faida kwa jumla ya robo nne zilizopita. Sharti hilo dogo huchuja mengi. Tangu orodha hiyo ianze, imelipa zaidi ya Russell 2000. Kama menyu inakupa zote mbili kwa ada zinazolingana, chukua ya 600.

Mwenye miaka 50 na kuendelea, sioni sababu ya yeye kununua mfuko wa kampuni ndogo peke yake. Kipindi cha kungoja zamu igeuke hana. Akiba yake ianze kuhamia kidogo kidogo kwenye hatifungani.

Kuna wanaopewa mfuko wa mwaka wa kustaafu, ule unaobeba jina la mwaka kama 2050 au 2055 na kujirekebisha wenyewe kadiri mwaka huo unavyokaribia. Asiyetaka kushughulika na hesabu hizi abaki humo kwa amani, ili mradi ada iwe ya chini. Wa Vanguard hutoza asilimia 0.08. Kosa ninaloliona ni la mtu aliye humo ambaye huongeza mfuko wa kampuni ndogo pembeni. Mfuko wa mwaka tayari una kampuni ndogo ndani, kwa hiyo amezinunua mara mbili bila kujua.

Mara moja kwa mwaka, chagua siku, hata siku ya kujaza kodi, rudisha uwiano: kama ndogo zimepanda zikawa asilimia 14 wakati ulipanga 10, uza za ziada ununue kubwa, na kama zimeshuka zikawa 7, ongeza. Ndani ya 401(k) kuuza na kununua huku hakutozwi kodi. Ukifanya hivi unanunua kilichoshuka na kuuza kilichopanda bila kubahatisha zamu ya nani inakuja. Usifanye kila mwezi. Na usibadilishe uwiano kwa sababu rafiki kwenye kundi la WhatsApp ametuma picha ya salio lake.

Hayo yote ni madogo mbele ya mchango wa mwajiri. Mwajiri akisema ataongeza senti 50 kwa kila dola unayoweka hadi asilimia 6 ya mshahara, weka hiyo asilimia 6 kwanza, hata kama menyu ina mifuko usiyoipenda. Hakuna tofauti ya kubwa na ndogo itakayokulipa asilimia 50 siku hiyohiyo. Uliza pia ni miaka mingapi lazima ukae kazini kabla fungu la mwajiri halijawa lako kabisa, kwa sababu wengi huhama kazi miezi michache kabla ya tarehe hiyo wakaacha fedha.

Menyu ikiwa mbovu kabisa, kila mfuko asilimia moja na zaidi, weka kiasi cha kupata mchango wa mwajiri tu, kisha kinachozidi kipeleke kwenye akaunti yako binafsi ya uzeeni, IRA, unayoifungua mwenyewe. Kikomo chake kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000 kwa aliye chini ya miaka 50, wakati cha 401(k) kilikuwa 23,500. Ndani ya IRA unachagua mfuko wowote kwa ada unayoitaka. Ukiacha kazi, unaweza kuhamishia huko na ile 401(k) ya zamani, ambayo watu wengi huisahau kwa mwajiri wa zamani ikiendelea kukatwa ada. Hakikisha tu uhamisho unafanywa moja kwa moja kutoka taasisi hadi taasisi. Hundi ikiandikwa kwa jina lako, asilimia 20 hukatwa kwanza kwa ajili ya kodi, na unabaki na siku 60 za kurudisha kiasi chote, pamoja na hiyo 20 uliyokatwa ambayo itabidi uitafute kwingine.